Nile nini na dawa hii? Sahani ya Lamu na tembe za hospitali

Ukisimama mbele ya duka la dawa kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, utasikia swali moja likirudiwa na kila anayekabidhiwa tembe za presha au za sukari: "Sasa nisile nini?" Jibu nalo huwa lile lile: punguza chumvi, punguza sukari, punguza mafuta, fanya mazoezi. Si jibu la uongo. Kasoro yake ni kwamba linawapa wagonjwa wote karatasi moja, na dawa zao hazifanani. Dafu linalomfaa mwenye presha na figo nzima laweza kuuvuruga moyo wa jirani yake mwenye figo dhaifu anayemeza losatani, dawa ya presha. Tui la nazi aliloambiwa alihofu mwenye lehemu nyingi kwenye damu ndilo analolihitaji mgonjwa wa malaria ili dawa yake ifanye kazi. Kisamvu kinachosifiwa na kila muuguzi kinamtaka mwenye valvu ya bandia moyoni akile kwa hesabu.

Kwa hiyo kuuliza kama chakula fulani ni kizuri au kibaya ni kuuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni jina la dawa, saa ya kuimeza na kiasi cha chakula chenyewe. Anayejua ni wapi hasa mwilini dawa na chakula hukutana hahitaji kukariri orodha ndefu za makatazo, na ataweza kumuuliza mfamasia swali lenye maana.

Kwenye tumbo

Tuanze na dawa ambayo nyumba nyingi za Pwani zimewahi kuipokea: ile ya malaria yenye artemetha na lumefantrini, dozi sita kwa siku tatu. Lumefantrini haipatani na maji, inataka mafuta. Ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu chaweza kufika mara 16 ya kile kinachoingia mtu akiimeza kwa tumbo tupu. Mgonjwa wa malaria, kwa kawaida, hana hamu hata ya kunusa chakula. Anaimeza kwa maji, analala, homa inashuka kidogo, kisha baada ya wiki mbili au tatu inarudi, na watu wanaanza kusema dawa za siku hizi ni bandia. Zipo za bandia, sikatai, lakini mara nyingine dawa ilikuwa halali na tumbo ndilo lililokuwa tupu. Wala hahitaji sinia ya biriani. Kikombe cha maziwa, hamri moja, au uji uliotiwa tui vinatosha, maana hata mafuta machache huipandisha dawa hii kwa kiasi kikubwa.

Tembe za damu, yaani madini ya chuma, zina tabia nyingine. Wajawazito nchini Kenya hupewa tembe moja yenye miligramu 60 za chuma pamoja na miligramu 0.4 za foliki asidi, imezwe kila siku. Muulize bibi anayemhudumia binti yake nyumbani:

"Bi, hii tembe anaimeza na nini?"

"Na chai, mwanangu. Dawa haishuki kwa maji matupu."

Hapo ndipo kazi inapoharibika. Majani ya chai yana tanini, ambayo huyakamata madini ya chuma kabla utumbo haujayachukua, na kalsiamu ya maziwa nayo inazuia. Chai ya maziwa, basi, inaipiga tembe hiyo kutoka pande mbili. Kinachoisaidia ni uchachu: maji yaliyokamuliwa ndimu, chungwa, au embe, kwa sababu vitamini C huyafanya madini ya chuma yapenye kwa urahisi. Chai inywewe saa moja au mbili baadaye. Na akina mama wanaotamani udongo wakati wa mimba waelezwe bila kuchekwa kwamba udongo unaweza kukamata chuma vilevile, na kwamba mara nyingi tamaa hiyo yenyewe ni dalili ya upungufu wa damu. Huyo huyo mjamzito, akiwa amepewa tembe za SP za kumkinga na malaria, asijiongezee foliki asidi ya miligramu 5 kutoka dukani kwa kudhani wingi ni afya. Kiasi hicho kikubwa hudhoofisha SP. Zile miligramu 0.4 hazina neno.

Kukamatana huku tumboni ndiko kunakofanya doksisaiklini na siprofloksasini, dawa za kuua bakteria, zisimezwe kwa maziwa, mtindi wala dawa za kiungulia. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU zenye dolutegraviri naye azimeze saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake. Tembe za chuma au kalsiamu ana ruhusa ya kuzimeza pamoja nayo, mradi awe anakula mlo kamili. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo inatakiwa imezwe nusu saa hivi kabla ya kula, si baada ya kushiba na maumivu yameshaanza.

Balungi na sehewa

Dawa ikishapita tumboni hukutana na vimeng'enya vilivyomo kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini. Kazi yao ni kuivunjavunja, kama bawabu anayepunguza wageni mlangoni. Mtengenezaji wa dawa anaijua kazi hiyo, na dozi iliyoandikwa kwenye pakiti imeshahesabu sehemu itakayovunjwa.

Mwaka 1989 huko London, mji ulioko jimbo la Ontario nchini Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe hubadilisha utendaji wa felodipini, dawa ya presha. Ili washiriki wasitambue nani amepewa pombe na nani hakupewa, ladha ilifichwa kwa maji ya balungi. Kiasi cha dawa kwenye damu kikapanda kupita matarajio, kwa waliokunywa pombe na wasiokunywa. Balungi ndilo lililofanya hivyo. Lina kemikali zinazokiua kimeng'enya fulani kwenye ukuta wa utumbo, na mwili huchukua siku mbili tatu kutengeneza kingine. Ndiyo maana kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii kitu. Zinazoguswa ni pamoja na felodipini, nifedipini na simvastatini. Amlodipini, ambayo ndiyo wengi hupewa siku hizi, haisumbuki sana. Chungwa tamu na chenza havina tatizo hili, kwa hiyo hakuna haja ya kulihukumu bakuli zima la matunda.

Rifampicini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huvichochea vimeng'enya vya ini hadi dawa nyingine zikaondoka mwilini haraka kuliko kawaida. Vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, na dolutegraviri hulazimika kumezwa mara mbili kwa siku. Haya ni ya daktari kupanga, lakini atayapangaje ikiwa mama hakumwambia ana kipandikizi mkononi?

Kwenye matibabu hayo hayo ya kifua kikuu kuna jambo ambalo mji wa wavuvi haufai kulikosa, na ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Isoniazidi hutolewa kutibu kifua kikuu, na pia kuwakinga waliokaa karibu na mgonjwa. Samaki wenye nyama nyekundu, kama jodari na sehewa, wakikaa juani bila barafu hutengenezwa ndani yao kemikali iitwayo histamini, kazi ya bakteria. Haionekani, hainuki lazima, na moto wa jikoni hauiondoi: umkaange, umpake, umtie kwenye mchuzi, iko pale pale. Mtu mwenye afya ana vimeng'enya vya kuivunja ikiwa si nyingi. Isoniazidi huvizuia vimeng'enya hivyo. Matokeo ni kwamba nyumba nzima inakula samaki mmoja, na anayemeza isoniazidi peke yake anashikwa: uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili unawasha. Jamaa watasema samaki amemdhuru, au ana mzio, au dawa za kifua zimemkataa. Wengine huziacha dawa hapo hapo, na kuacha dawa za kifua kikuu katikati ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Ushauri wenyewe ni mwepesi: aendelee na dawa, ale changu, tafi au samaki mwingine mweupe aliye mbichi kweli, na ajiepushe na jodari na sehewa mpaka amalize, hasa wale wa mchana waliokwisha chomwa na jua sokoni. Dalili zikimjia, aende kituo cha afya na aseme amekula nini.

Mboga za majani na damu inayoganda

Watoto wanaougua koo mara kwa mara bila kutibiwa huweza kupata homa ya baridi yabisi ya moyo, na baadhi yao ukubwani huhitaji valvu ya bandia. Mwenye valvu ya chuma humeza wafarini maisha yake yote ili damu isigande juu yake. Hii ni dawa yenye historia ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alibeba ndama aliyekufa na ndoo ya damu isiyoganda hadi kwenye maabara ya Karl Paul Link. Kutokana na uchunguzi ule ilipatikana wafarini, ambayo mwaka 1948 iliuzwa kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Panya na mgonjwa wanapewa kitu kimoja; tofauti iko kwenye kiasi.

Wafarini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usiitumie upya vitamini K, na vitamini K ndiyo inayoliwezesha ini kutengeneza vigandisha damu. Sasa angalia mboga zetu: mchicha, kisamvu, sukuma wiki, majani ya mlonge, zote zimejaa vitamini K. Aliyepimwa na kupangiwa dozi akiwa anakula mboga mara mbili kwa wiki, akianza kula kila siku, dawa itazidiwa na damu yaweza kuganda kwenye valvu. Aliyezoea kuzila kila siku akiziacha ghafla, labda kwa sababu ameugua au mboga zimepanda bei, damu itakuwa nyepesi mno na ataanza kutoka damu puani, kwenye ufizi, au ndani asikokuona. Wagonjwa wengi huambiwa "usile mboga za majani", na kwa maoni yangu huo ni ushauri mbaya. Unamnyima mtu chakula bora na kumwacha katika hali ambayo bakuli moja tu la kisamvu kwenye harusi litatikisa kipimo chake. Anachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana wiki kwa wiki, na kupima damu kwa wakati. Kwa wengi kipimo hicho cha kuganda kwa damu, kiitwacho INR, hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya valvu hupandishwa kidogo.

Kitunguu saumu na tangawizi za kwenye mchuzi hazimdhuru. Vidonge vya kitunguu saumu vilivyokolezwa ni habari nyingine, maana vyenyewe huifanya damu iwe nyepesi. Na akipewa metronidazoli ya tumbo au kotrimoksazoli, amkumbushe anayempa kwamba yuko kwenye wafarini, kwa sababu zote mbili huipandisha.

Sukari: dawa mbili kwenye kikombe kimoja

Habasoda, uwatu, karela, mdalasini: wengi wenye sukari wana angalau kimojawapo kwenye chupa kando ya kitanda. Habasoda ina heshima ya pekee kwa Waislamu kwa sababu ya hadithi ya Mtume inayoitaja kuwa tiba ya kila maradhi isipokuwa mauti, na hospitali inayomkejeli mgonjwa kwa ajili yake inajifungia mlango. Ukweli ni kwamba vitu hivi vina kazi. Uwatu una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Karela na habasoda zimeonyesha kushusha sukari, ingawa kidogo. Metfomini yenyewe, tembe nyeupe ya hospitali, chimbuko lake ni mmea uitwao galega uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi. Daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyeandika mwaka 1957 kuhusu kuitumia kwa wagonjwa wa sukari. Kwa hiyo mitishamba na tembe ni ndugu, na kwa kuwa ni ndugu nguvu zao hujumlishwa.

Kujumlishwa huko kunategemea dawa iliyopo. Anayetumia metfomini peke yake ni nadra sukari yake kushuka mno, hata akinywa uwatu. Anayetumia glibenklamidi au insulini yuko kwenye hali nyingine kabisa, kwa sababu dawa hizi husukuma sukari chini hata kama mtu hajala. Akiongeza karela, akachelewa chakula cha mchana, akatembea kutoka mjini hadi Shela kwenye jua, ametia mambo manne kwenye mizani moja. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (milimoli kwa lita) mwili hutetemeka, moyo hudunda, jasho hutoka, fikra huvurugika. Anayemeza pia atenololi kwa ajili ya presha aelewe kwamba dawa hiyo huficha kutetemeka na kudunda kwa moyo. Jasho haiwezi kulificha. Jasho la ghafla akiwa kivulini ni la kutiliwa maanani.

Hapo apewe sukari inayoingia haraka: kijiko kimoja cha mezani cha sukari kilichokorogwa kwenye maji, au asali kiasi hicho, au nusu ya soda ya mililita 300 isiyo ya "zero". Asubiri dakika 15, apime tena, kisha ale chakula. Halwa isitumike kwa kazi hii. Najua ndicho kitu kitamu cha kwanza mkono unachokifikia katika nyumba nyingi za Lamu, lakini samli iliyomo huichelewesha sukari, na hizo dakika ndizo zinazohesabiwa. Aliyezirai asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mogoka na miraa vinaingia hapa pia, japo watu huvizungumza kwa upande wa tabia tu. Hupandisha presha na mapigo ya moyo, hukata usingizi, na huua hamu ya kula. Kijana aliyejidunga insulini saa kumi na mbili jioni kisha akakaa barazani na furushi lake hadi usiku wa manane, akinywa soda tupu au asile kabisa, sukari yake itapanda na kushuka bila ya mtu kuelewa sababu.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha hesabu zote kwa pamoja: saa za kula, saa za dawa, saa za kutembea. Aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Anayetaka kufunga na hali yake inamruhusu aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dozi ya glibenklamidi au insulini hulazimika kubadilishwa, na mara nyingine dawa yenyewe. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi funga kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi. Kipimo kikiwa chini ya 3.9, au kikipita 16.6, afungue hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana isikike. Sala ya tarawehe, kwa urefu wake, ihesabiwe kuwa mazoezi ya siku. Kubeba mizigo gatini saa ya alasiri huku umefunga si mazoezi, ni kujitafutia balaa.

Kuhusu mazoezi yenyewe, faida kubwa kwa mwenye sukari hupatikana muda mfupi baada ya kula. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kuihitaji insulini nyingi, na athari yake huendelea kwa siku nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Zamani mji wa Lamu ulimlazimisha mtu atembee, hakuna aliyekuwa na hiari; punda alibeba mizigo na watu walikwenda kwa miguu. Boda boda zimeipunguza lazima hiyo. Matembezi ya dakika 15 ufukweni baada ya chakula cha usiku yanafaa kuliko kukimbia mara moja kwa mwezi. Anayejidunga insulini asiidunge pajani kabla tu ya matembezi marefu, maana misuli ikipata joto insulini huingia haraka. Tumboni ni afadhali.

Jambo la mwisho kuhusu metfomini: ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo huleta ganzi ya miguu, ganzi ile ile inayoletwa na sukari iliyokaa juu muda mrefu. Mgonjwa huambiwa "ni sukari hiyo" na mambo yakaishia hapo. Inafaa aombe kipimo cha B12, kwa sababu ganzi ya upungufu inatibika ikiwahiwa.

Dafu, papa mkavu, na figo

Presha na figo haziachani. Losatani na enalaprili hushusha presha na kuilinda figo, lakini hufanya potasiamu ibaki mwilini. Potasiamu ni madini mema: huwasaidia wenye presha, na ni sehemu ya sababu lishe ya DASH, yenye matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi, ilipojaribiwa Marekani na matokeo kutangazwa mwaka 1997, ilishusha kipimo cha juu cha presha kwa takriban pointi 11 kwa waliokuwa na presha. Hiyo ni sawa na kazi ya tembe nzima. Shida huja figo zinapochoka, zikashindwa kuitoa potasiamu iliyozidi, na dawa nayo inaizuia. Kikombe cha maji ya dafu huweza kuwa na miligramu 400 hadi 600 za potasiamu, ndizi moja zaidi ya 400, na tende, parachichi na viazi vimo kwenye kundi hilo. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamume aliyecheza tenisi juani siku nzima, akanywa zaidi ya lita mbili za maji ya nazi, akazirai kwa sababu mapigo ya moyo wake yalivurugika. Alipona. Kwa mwenye figo dhaifu aliye kwenye losatani, haihitaji kufika lita mbili. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya wenye presha mara nyingi ni potasiamu yenyewe, basi na ausome mgongo wa pakiti.

Wanaomeza dawa za kukojoa, yaani hidroklorothiazidi au frusemidi, wako upande wa pili: dawa hizi huitoa potasiamu kwenye mkojo, na kwa wengi wao dafu na ndizi ni rafiki. Hidroklorothiazidi huipandisha pia asidi ya jongo. Mwenye maumivu ya kidole gumba cha mguu yanayomwamsha usiku baada ya mlo wa kamba, dagaa au nyama, na soda juu yake, amtajie daktari dawa hiyo kabla ya kuwalaumu kamba peke yao.

Chumvi haijibadilishi: isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni jumla ya yote. Papa mkavu, ng'onda, achari na vile vipande vya supu vya dukani huimaliza kabla mpishi hajaigusa chupa ya chumvi. Kumroweka papa na kumwaga maji mara kadhaa hupunguza, hakumalizi. Na urukususu unaotafunwa au kutiwa kwenye dawa za kifua hupandisha presha na kushusha potasiamu ukitumiwa kwa muda. Watu wachache hulitarajia hilo kutoka kwa mzizi mtamu.

Ila nikiulizwa ni kitu gani kinachoharibu dawa za presha kuliko chumvi, nitataja dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kama peremende kwa wabeba mizigo, mafundi na wavuvi wenye viuno vinavyouma. Hupandisha presha, hudhoofisha enalaprili na losatani, na zikikutana na dawa hizo pamoja na ile ya kukojoa, kwenye mwili uliokaukiwa maji kwa jua au kuhara, huweza kuziangusha figo kwa siku chache. Parasetamoli, kwa kiasi chake, ni salama zaidi kwa mwenye presha. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye presha asianze mazoezi mazito adhuhuri ya kaskazi; atembee alfajiri au baada ya laasiri, anywe maji, na akiona kizunguzungu kila anaposimama aende apimwe, maana huenda matembezi na chumvi kupungua vimeishusha presha kiasi kwamba dozi ya zamani imekuwa kubwa.

Chupa zisizo na jina

Virutubisho vingi vya dukani havina haja kwa anayekula samaki, mbaazi, matunda na mboga, na pesa zake zingefaa zaidi sokoni. Hatari iko kwenye zile chupa za "nguvu za kiume", "dawa ya mifupa" na "dawa ya kunenepesha" zinazouzwa kuwa ni mitishamba mitupu. Katika nchi nyingi bidhaa za aina hiyo zimepimwa na kukutwa na sildenafili (dawa ya hospitali ya nguvu za kiume) au deksamethasoni (dawa kali ya kutuliza uvimbe) ndani. Sildenafili kwa mtu anayewekewa tembe ya naitreti chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua huweza kuporomosha presha hadi mauti. Deksamethasoni hupandisha sukari na presha, na baada ya miezi kadhaa haifai hata kuachwa ghafla. Dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ina namba; isiyo na namba wala jina la kilichomo haina wa kuulizwa.

Siku ya kliniki, vitu vyote vitiwe kwenye kikapu kimoja na kupelekwa: tembe, chupa, mizizi, unga wa mlonge, hata karatasi ya majani aliyoyaleta shangazi. Maelezo ya mdomo hayatoshi, kwa kuwa mtu husahau, au huona haya. Tembe zisiachwe wala dozi zisipunguzwe kwa kusoma makala, hata haya. Na kwa anayeishi Faza, Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, mambo yana ratiba nyingine: mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakiwa makavu, na anayetoka damu, anayedundwa na moyo au ambaye sukari yake imekataa kupanda huenda akangoja maji yajae. Basi dalili ya kwanza ndiyo ya kutafutia boti.